Shati Lisilofuliwa

Mtaa mzima ulimwita Mzee Povu, na yeye jina hilo alilipokea kama cheo. Alikuwa dobi. Kwa miaka arobaini na moja alikuwa amesimama katika chumba kile kile cha nyuma, kwanza mbele ya hodhi la saruji na ubao wa kusugulia, baadaye mbele ya mashine mbili zilizotetemeka kama zina homa, na muda wote huo hakuwahi kuuona uchafu akaupisha. Nitasema ukweli: kufua kwake hakukuwa kazi tu, kulikuwa maradhi. Alifua kamba za viatu. Alifua vibanio vya kuanikia kila Ijumaa, kimoja kimoja, kamba yenyewe akaipangusa kwa kitambaa, kisha kitambaa nacho akakifua. Mgeni aliyevua koti na kulitundika kitini alikuwa hatarini kulikuta nje likidondoka maji. Watu walicheka, lakini nguo walimletea, maana shati lililotoka mikononi mwa Mzee Povu lilikuwa jeupe kuliko siku liliponunuliwa.

Na mwili wake aliuendesha vivyo hivyo. Alioga asubuhi, alioga mchana baada ya kupiga pasi, alioga jioni. Shati alibadilisha mara mbili kwa siku. Ukisimama karibu naye ulisikia sabuni ya mche na mvuke wa pasi, basi. Zaidi ya hapo hapakuwa na mtu.

Mkewe alikuwa kinyume chake. Yeye alikaa chumba cha mbele, nyuma ya meza ndefu ya kupokelea nguo, na wateja walimwita Mama Pua. Kabla ya kuandika lebo aliinua kila nguo na kuinusa, mara moja, haraka, kama mtu anayeonja chumvi. "Hili limekaa karibu na moshi, liloweke peke yake," angesema. "Hili lina grisi, hata kama huioni." Lebo ikichomoka, yeye ndiye aliyelirudisha shati kwa mwenyewe, na hakukosea. Wakati mwingine aliiweka nguo chini taratibu na kumuuliza mteja, kwa sauti ndogo, kama nyumbani kuna mgonjwa, na mteja alibaki mdomo wazi. Pua ya Mzee Povu ilikuwa imekufa zamani, imeuawa na mivuke ya dawa za madoa. Basi walikuwa wamegawana: mke pua, mume mikono. Kwa mpango huo walimlea binti yao mmoja, wakamwoza mji wa mbali, wakazeeka.

"Wewe hunuki wala hunukii," mkewe alikuwa akimtania wakikaa kula. "Siku nikipofuka nitakujuaje kama ni wewe?"

"Nitakohoa," alikuwa akijibu, na wote wawili wanacheka.

Mbwa alikuwa wa mke. Mzee Povu alisema hivyo kila alipoulizwa, wala haikuwa chuki, ndivyo mambo yalivyokuwa. Mama Pua alimwokota kwenye mtaro nyuma ya nyumba miaka kumi na mitatu iliyopita, hajauzidi ukubwa wa kiatu, na siku hiyo hiyo, bado kaloa chepechepe, alisimama mlangoni akawabwekea wateja wote. "Haya, bwana mkubwa, tumekusikia," Mama Pua akamwambia, na jina likabaki. Bwana Mkubwa alikua mbwa mweusi mwenye kifua kipana na hatua za taratibu, akawa anamfuata mama chumba hadi chumba. Kwa Mzee Povu alikuwa na adabu zake, kama mpangaji kwa mwenye nyumba, lakini hakumfuata. Miaka miwili ya mwisho macho yake yaliingia ukungu mpaka yakafanana na maji ya wanga, na daktari wa mifugo akasema haoni tena. Nyumbani hawakuona tofauti kubwa. Alitembea humo ndani pua mbele, bila kugonga hata ndoo.

Mama Pua alifariki mwanzoni mwa mwaka, baada ya kulazwa wiki sita. Asubuhi aliyoondoka kwenda hospitali alivua sweta lake la rangi ya kahawa akaliacha juu ya kiti kipana kando ya mlango wa nyuma, kwa sababu jua lilikuwa limeshatoka. Hakurudi kulivaa. Jioni ile ile Bwana Mkubwa alipanda juu ya kile kiti, akajizungusha mara tatu, akalala na pua ndani ya kola. Tangu siku hiyo kikawa kiti chake. Kwa miezi minane sweta lile lilikuwa kitu pekee ndani ya nyumba ile ambacho hakikufuliwa. Mzee Povu alipita kando yake na kapu la nguo, akilitazama kwa pembe ya jicho. Vidole vilimwasha. Hakuligusa.

Sasa, kulikuwa na neno moja ambalo mkewe alimwachia. Nje kidogo ya mji kulikuwa na makazi ya mbwa waliookotwa, na kila Alhamisi Mama Pua alikuwa akiwafulia mablanketi yao. Huko alimzoea mbwa jike wa banda la mwisho, bado kijana, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika nusu. Watu wawili walikuwa wameshamchukua kwa nyakati tofauti, na wote wawili walimrudisha. Hakuuma mtu, hakubweka. Kosa lake ni kwamba alikuwa anajificha, na watu hawapendi kufuga kitu wasichokiona. "Yule wa banda la mwisho," Mama Pua alimwambia mumewe hospitalini, kamshika kidole gumba, "usimwache kule. Nimeshamwambia atakuja nyumbani." Mtu akiwa katika hali ile utamwitikia lolote, lakini Mzee Povu aliitikia kwa moyo.

Ilimchukua miezi minane kupiga moyo konde. Msimamizi wa makazi yale alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na mji mzima ulimjua kwa jina la Shangazi wa Mbwa. Alipomwona anaingia getini aliinua mikono.

"Karibu, mzee wangu! Umekuja kuchukua mablanketi?"

"Leo nimekuja kuchukua mbwa," akasema. "Yule wa mama."

Shangazi wa Mbwa aliacha kucheka. Alimtolea karatasi ya majaribio ya siku kumi na nne, akamweleza bila kuficha. "Akishindwana na Bwana Mkubwa wako utamrudisha, sina ugomvi. Lakini ujue, akirudi mara ya tatu sina pa kumweka. Hapa nimejaza mpaka jikoni. Daktari huwa anakuja na sindano yake kwa wale waliokosa kabisa wenyewe. Sikutishi, baba. Nakwambia tu ilivyo."

Kisha akampa maelekezo. Mbwa hawatakiwi kuanza kukutana uso kwa uso, alisema. Waanze kukutana puani. Akakata kipande cha blanketi la yule mbwa jike, akakitia kwenye mfuko. "Mpelekee Bwana Mkubwa hiki, akizoee siku tatu. Na wewe niletee kitambaa kilichogusa mwili wa Bwana Mkubwa, nimpe huyu. Siku wakikutana watakuwa wanajuana tayari."

Mzee Povu alisikiliza yote na akayashika yote. Mambo yalienda mrama nyumbani, alipofungua ule mfuko. Kitambaa kilikuwa na manyoya, tope, na doa la mkojo. Wewe unayesoma ungekiweka mbele ya mbwa kama kilivyo, kwa sababu ndivyo ulivyoambiwa. Huyu hakuwa wewe. Kwake, kumkabidhi mtu kitambaa kichafu, hata kama mtu mwenyewe ni mbwa, kulikuwa kumtukana. Akakiloweka, akakisugua, akakisuuza mara tatu kwa maji moto, akakianika, akakipiga pasi, akakikunja mara nne, ndipo akakiweka mbele ya Bwana Mkubwa kwa heshima zote. Bwana Mkubwa alikinusa, akapiga chafya, akaenda zake. Na ile taulo ya kumkaushia Bwana Mkubwa, iliyotakiwa kwenda upande wa pili, nayo ilipitia njia hiyo hiyo mpaka kwenye pasi. Siku aliyokipeleka kifurushi, Shangazi wa Mbwa hakuwepo, na kijana wa kazi aliyekipokea alikisukuma tu ndani ya banda.

Jumapili, siku moja kabla ya mgeni kufika, aliifua nyumba nzima. Aliosha sakafu na kuta. Alifua mapazia. Mwisho akabaki amesimama mbele ya kile kiti. Alijiambia kuwa mgeni hapokelewi kwenye nyumba yenye sweta lililojaa manyoya ya miezi minane. Mimi nadhani alikuwa pia amechoka kupita pale. Akalichukua. Hakulitia kwenye mashine. Alilifua kwa mkono, peke yake kwenye beseni, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kuliko zote alizokuwa nazo, akalikamua kwa kulibana bila kulisokota, akalilaza bapa juu ya taulo lisije likarefuka mikono. Alilia kidogo wakati wa kulisuuza. Lilipokauka, usiku, Bwana Mkubwa akiwa amelazwa chumba cha mbele ili sakafu ikauke, alilirudisha kitini vile vile, kola upande wa juu. Katika maisha yake yote hakuwahi kufua nguo vizuri kuliko ile.

Kesho yake walikutana barabarani, kama walivyoelekezwa. Mzee Povu kashika kamba ya Bwana Mkubwa, Shangazi wa Mbwa kashika ya yule jike, wakatembea sambamba mpaka kwenye kona na kurudi. Bwana Mkubwa aliinua pua upande wa mwenzake, akavuta hewa, akageuza kichwa kwa ustaarabu. "Umeona?" Shangazi akanong'ona, na kunong'ona kwake kukasikika mtaa wa pili. "Hata hakuguna!" Mzee Povu akamwita yule mbwa Mgeni, kwa sababu aliogopa kumpa jina mtu anayeweza kuondoka. Mgeni alipoingia ndani alijikunyata chini ya meza ya kupigia pasi, akabaki huko, macho mawili tu yanaonekana.

Bwana Mkubwa alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Akapeleka pua kwenye kola. Akaitoa. Akaipeleka tena, ndani zaidi, akalifukua sweta kwa mguu. Halafu alishuka, na kwa mara ya kwanza tangu apofuke akagonga ndoo. Alikwenda chumba cha mbele, akazunguka meza ndefu. Alikwenda chumbani, akanusa kitanda upande mmoja, viatu ukutani. Alirudi kwenye kiti, akanusa, akaondoka, akaanza upya. Mwisho alilala juu ya saruji tupu, uso kwenye mlango wa nyuma. Chakula hakukigusa. Mgeni alipotoka kwenda kunywa maji, akapita karibu na kile kiti, Bwana Mkubwa alimngurumia, na Mgeni akarudi mafichoni tumbo likiburuza chini.

"Wivu tu huo," alisema mwalimu mstaafu, mteja wa siku nyingi, aliyekuja kuchukua mashuka yake. "Mtoto wa kwanza akiletewa mdogo wake huwa hivyo hivyo. Ataacha."

Hakuacha. Siku ya pili alinywa maji, basi. Siku ya tatu na ya nne vivyo hivyo. Daktari wa mifugo alikuja, akamkagua meno na moyo, akasema haoni ugonjwa. "Lakini ameshakula chumvi nyingi huyu. Asipokula siku chache zaidi hatavumilia." Mgeni naye alikuwa na ukaidi wake wa kimya. Kila alasiri alitoka chini ya meza, akalala hatua mbili kutoka kwa Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa akinguruma, alisogea hatua moja nyuma, akabaki hapo. Mzee Povu aliyaona haya yote huku akipiga pasi mashati ya watu, na kwa mara ya kwanza tangu awe fundi aliunguza kola.

Siku ya sita binti yake alipiga simu.

"Baba, mrudishe huyo mgeni."

"Mama yako ndiye aliyesema nimchukue."

"Mama hakusema umuue mwingine kwa ajili yake." Baba yake akamsikia anavuta kamasi. "Bwana Mkubwa ndiye aliyebaki wa mama, baba. Nikija hapo nimkute nani?"

Mzee Povu akakata simu kwa kisingizio kwamba maji yanachemka. Alikuwa anapima vitu viwili ambavyo havikutaka kukaa kwenye mizani moja: ahadi aliyompa mtu anayekufa, na mbwa wa mtu huyo huyo anayekufa mbele ya macho yake. Akimrudisha Mgeni, anajua kinachomngoja. Asipomrudisha, anajua pia.

Siku ya saba, saa sita mchana, jua la utosi, alibwaga manyanga. Alikwenda kwa miguu mpaka nje ya mji, kwa sababu Mgeni aliogopa magari. Mgeni alitembea kando yake hajui hili wala lile, mara mojamoja akimtazama usoni, na kila alipomtazama Mzee Povu aligeukia upande wa pili. Kwapani alikuwa amebeba kile kipande cha blanketi, kimefungwa kwenye karatasi na kubandikwa lebo. Hakuwahi kumrudishia mteja kitu chake bila kukifunga, na asingeanza siku ile.

Shangazi wa Mbwa hakumlaumu alipomweleza kuwa Bwana Mkubwa hali. Aliipokea kamba, akamtazama Mgeni kwa muda mrefu, akashusha pumzi.

"Amekaa siku ngapi bila kula?"

"Ya saba leo. Analamba maji tu."

"Na kile kitambaa nilichokupa, alikipokeaje?"

"Alipiga chafya. Hiki hapa."

Shangazi akaifungua karatasi. Kitambaa kilikuwa cheupe, kingo zake zimenyooka kama za bahasha.

"Mzee wangu. Umekifua?"

"Na pasi nimekipiga."

Shangazi wa Mbwa alicheka mpaka akashika ukuta, na mbwa wote wa mabandani wakaanza kubweka kumsaidia. "Mimi nakupa barua umpelekee mwenzio, wewe unaisuuza mpaka wino unatoka! Jamani dobi huyu!" Alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Halafu kicheko kikaanza kumpungua, kidogo kidogo. "Na ile taulo uliyoleta, nayo hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Bwana Mkubwa huwa analalia nini?"

"Sweta la marehemu."

"Na lenyewe?"

Mzee Povu alianza kukikunja upya kile kitambaa, akaacha. Alimwona tena Bwana Mkubwa anapeleka pua kwenye kola na kuitoa. Alimwona anazunguka meza ndefu.

"Nililifua kwa mkono," akasema hatimaye. "Kwa maji ya uvuguvugu."

Shangazi wa Mbwa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sauti yake kubwa aliishusha, mtu asingeamini kuwa ni yake. "Basi si wivu, baba. Yule haoni. Kwake yeye miezi yote hii mama alikuwemo kwenye kile kiti. Jumatatu karudi kutoka barabarani, kakuta mama kaondoka. Hana neno na huyu. Anamtafuta mtu wake."

Mzee Povu alitazama mikono yake, ngozi imekunjamana kwa maji ya miaka arobaini na moja.

"Sikujua," akasema. "Mimi sinusi kitu. Nilidhani ni vumbi tu."

"Najua hukujua. Lakini ukiniachia huyu, mama hatarudi kwenye sweta. Utakuwa umewapoteza wote watatu." Akamrudishia kamba mkononi, akamkunjia vidole juu yake. "Zimebaki siku saba. Haya, jikaze kisabuni, wewe si ndiye fundi?"

Alirudi kwa haraka isiyo ya umri wake, Mgeni akimfuata mbio. Njia nzima alikuwa na wazo moja: kitu kimoja tu cha mkewe kilichosahauliwa bila kufuliwa. Alipofika alifungua kabati. Magauni yake yote yalikuwa yamefuliwa na kukunjwa. Vitambaa vya kichwa vilikuwa na wanga. Alivuta sanduku kutoka uvunguni, akalimwaga sakafuni, na kila kilichomwagika kilikuwa safi. Mto ulikuwa umefuliwa mara tatu. Godoro lilikuwa limepigwa na kuanikwa juani, ganda lake limebadilishwa. Viatu alikuwa amevipangusa mpaka ndani. Chanuo alikuwa amelichemsha. Aproni ya meza ya mbele ilikuwa imening'inia msumarini, nyeupe, ngumu, kama haijawahi kuvaliwa na mtu. Alipanda kwenye stuli akapapasa juu ya kabati, akakuta hata vumbi hakuna.

"Nimemfua," akasema kwa sauti, katikati ya chumba kilichopinduliwa. "Nimemfua wote."

Akaenda kuketi kwenye kile kiti, juu ya sweta, akalia kama ambavyo hakulia siku ya msiba. Siku ya msiba alikuwa na mashuka ya wageni ya kufua.

Ilikuwa jioni mapema, jua bado liko kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Hakuwa ameoga mchana ule. Shati lilikuwa limelowa jasho likakauka, likalowa tena, kola imekwisha kuingia weusi, suruali ina vumbi la barabarani na manyoya ya Mgeni. Aliyaona yote hayo, na hakuwa na nguvu ya kusimama.

Bwana Mkubwa aliinua kichwa kutoka sakafuni. Alisimama kwa shida, miguu ikimtetemeka, akaja. Alinusa kiatu. Alinusa goti. Akapandisha miguu ya mbele kwenye kiti, akanusa kwapa, shingo, nyuma ya sikio, nywele, kisha akashuka kwenye kiganja na kukaa hapo muda mrefu, pua ikichezacheza, kama Mama Pua alipokutana na nguo isiyo na lebo. Miaka kumi na mitatu chini ya paa moja, na alikuwa hajawahi kumnusa hivyo. Angenusa nini? Mtu yule alikuwa sabuni, na sabuni ilikuwa nyumba nzima.

Hapo ndipo utani wa mkewe ulipomrudia Mzee Povu, neno kwa neno, na sasa haukumchekesha. Siku nikipofuka nitakujuaje kama ni wewe? Kumbe alikuwa anauliza.

Hakukohoa. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi tu, Bwana Mkubwa. Yeye hayupo."

Mbwa alitoa pumzi ndefu, akaweka kidevu juu ya paja lake. Walikaa hivyo. Baadaye Mzee Povu alilivuta bakuli kwa mguu, akachota chakula kwa mkono ule ule wenye jasho, akampelekea mdomoni. Bwana Mkubwa alilamba vidole kwanza. Kisha akala tonge moja, akapumzika, akala la pili. Mgeni alitoka chini ya meza, akaketi hatua mbili kutoka kwao. Akasogea, ikawa hatua moja. Hakuna aliyenguruma. Akaja mpaka kwenye kiatu cha Mzee Povu, akakilalia.

Jioni ile Mzee Povu hakuoga. Wala kesho yake. Najua kwa watu wengine hiyo si habari, lakini kwa mtaa ule ilikuwa kama jua kukosea njia. Nguo za watu aliendelea kuzifua vilevile, nyeupe na zenye kunyooka, ila yeye mwenyewe alishinda ndani ya shati moja. Mwalimu mstaafu alikuja, akarudi nyuma hatua moja, akamuuliza kama anaumwa. "Niko kazini," akamjibu. Siku ya nne alilivua lile shati akalitandaza kitini juu ya sweta, akavaa jingine na kuanza nalo upya. Binti yake alipopiga simu alimsimulia yote, pamoja na sweta. Binti akasema, "Pole, baba," na akauliza Mgeni anapenda kula nini.

Siku ya kumi na nne Shangazi wa Mbwa alifika na karatasi yake. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama. Kwenye kiti kipana Bwana Mkubwa alikuwa amelala, amekonda bado, pua ndani ya kola ya shati. Mkono mmoja wa shati ulining'inia mpaka sakafuni, na juu ya mkono ule Mgeni alikuwa ameweka kichwa chenye sikio nusu. Alimwona Shangazi akiingia, na hakukimbilia chini ya meza.

"Hili nikuwekee kwenye kapu la kufua?" Shangazi akauliza, akiinama kuligusa lile shati.

"Liache," akasema Mzee Povu. "Hilo halifuliwi."

Aliweka karatasi juu ya meza ya pasi, akatafuta miwani, akainama kusoma mistari yote mpaka mwisho, kama alivyosoma lebo maisha yake yote. Shangazi wa Mbwa alikuwa amesimama karibu naye. Alijikuna pua, akatazama dari, akashindwa.

"Mzee wangu, samahani. Sitaki kukuvunjia heshima, lakini leo unanuka."

"Najua," akasema Mzee Povu, akitia saini yake pale chini. "Ndivyo wanavyonipata."